Vihisi Vilivyokufia Hamburg

Kihisi cha silikoni kikifa kwenye mwale wa chembe huacha alama ambayo ukishaiona hutaisahau. Chini ya darubini unakuta kishimo kidogo kilichoungua, kingo zake nyeusi, na kutoka hapo mipasuko midogo imetawanyika pande zote ikifuata mistari ya fuwele yenyewe, hata umbo zima likawa la nyota. Sehemu nyingine yote iko salama salimini. Nyuzi nyembamba za alumini zinazokiunganisha na saketi bado zimeshika, uso wake unang'aa vilevile. Nukta moja tu imeyeyuka, na kwa ajili ya nukta hiyo kihisi kizima hakishiki tena volteji.

Nimekuwa nikipima vihisi vya aina hii tangu nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na nyota hizo zimenifundisha kuliko grafu zote zilizotoka vizuri. Naandika haya kwa sababu vijana wetu wanaoingia fizikia hupewa nadharia tele, lakini kazi ya kupima, ambayo ndiyo inayoamua kipi kitaingia kwenye mashine na kipi kitabaki kabatini, hakuna anayewasimulia. Mimi mwenyewe niliisikia kwa mara ya kwanza Kigali mwaka 2016, kwenye Shule ya Afrika ya Fizikia, ile inayohama kutoka nchi moja ya Afrika kwenda nyingine. Nilikwenda na hamu ya kusikia habari za chembe ya Higgs. Nilirudi Dar es Salaam nikiwaza jinsi silikoni inavyozeeka.

Nieleze kwanza vihisi hivi ni vya nini. Karibu na Geneva, chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, kiasi cha mita 100 ardhini, ipo njia ya mviringo yenye mzingo wa kilomita 27. Humo mashine ya CERN iitwayo LHC huzungusha mafungu ya protoni kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na mafungu hayo hupishana kila baada ya nanosekunde 25, yaani mara milioni 40 kwa sekunde. Mashine inaboreshwa ili kuanzia mwaka 2030 kila mafungu mawili yanapokutana itokee migongano hadi 200 kwa mpigo. Mwanafizikia anautafuta mmoja wenye jambo, na mingine yote imelundikana juu yake ndani ya sentimita chache. Kigunduzi kinachojua mahali peke yake hapo kinazidiwa, hasa kwa chembe zinazochomoka karibu sambamba na mwale.

Bahati nzuri ni kwamba migongano hiyo haitokei kwa wakati mmoja kabisa. Hupishana, kwa mtawanyiko wa takriban pikosekunde 180. Pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Ndani yake mwanga huenda milimita 0.3 tu. Ukiweza kupima muda wa kila chembe kwa usahihi wa pikosekunde 30 hivi, migongano iliyoonekana kuwa mahali pamoja inaanza kuachana. Ndiyo maana ATLAS na CMS, vigunduzi viwili vikubwa vya LHC, vyote vinaongezewa tabaka la kupima muda. Lile la ATLAS litakaa mita 3.5 kutoka kitovu cha migongano, pande zote mbili, likiwa na vipande milioni 3.6 vya kupimia, kila kimoja milimita 1.3 kwa 1.3.

Kihisi chenyewe hujulikana kwa herufi LGAD. Vya kwanza vilitengenezwa Barcelona, katika kituo cha CNM, na kuelezwa kwenye machapisho mwaka 2014. Ndani yake ni silikoni hai yenye unene wa mikroni 50. Chembe ikipita hung'oa elektroni elfu tatu hivi, chaji ndogo mno kwa kazi ya pikosekunde. Kwa hiyo chini kidogo ya uso limewekwa tabaka jembamba lenye boroni nyingi, linalozaa uga mkali wa umeme. Elektroni zikifika hapo hupata nguvu ya kung'oa nyingine, nazo nyingine, mpaka chaji inaongezeka mara 10 au 20. Wembamba wa silikoni huifanya ishara ipande haraka, tabaka la boroni huifanya iwe kubwa, na usahihi wa muda unatoka kwa hayo mawili.

Adui ni mionzi ileile ambayo kihisi kimeletwa kuipima. Vihisi vya ATLAS vinatakiwa kustahimili madhara yanayolingana na ya nyutroni trilioni 2,500 kwa kila sentimita ya mraba. Nyutroni hugonga atomu ya silikoni na kuitoa mahali pake. Atomu hiyo iliyofukuzwa hutangatanga ndani ya fuwele mpaka ikutane na boroni, nayo boroni husukumwa nje ya nafasi yake. Boroni haijatoweka, ila haifanyi tena kazi yake ya umeme. Tabaka linadhoofika, ukuzaji wa chaji unashuka, na njia pekee ya kuurudisha ni kupandisha volteji. Kihisi kipya huridhika na volti 200 hivi. Kilichokwisha kupigwa mionzi yote hiyo, kwa vile vya kizazi tulichoanza nacho, kilidai 700.

Vyetu vilipigwa mionzi Ljubljana, Slovenia. Taasisi ya Jožef Stefan ina kinu kidogo cha nyuklia cha aina ya TRIGA, cha kilowati 250, kinachofanya kazi tangu 1966. Ni kinu cha utafiti, na kwa watu wa fani yetu jina la mji huo ni jina la kinu hicho. Vihisi hushushwa ndani ya bomba hadi kwenye kiini, na katika muda usiofika saa moja hupata mionzi ambayo kwenye LHC ingechukua miaka. Kisha hungojwa mpaka unururifu wao upungue, hufungwa pamoja na barafu kavu, na husafirishwa.

Hapo ndipo nilipopata somo langu la kwanza, nalo ni la utunzaji. Silikoni iliyopigwa mionzi haitulii. Katika joto la chumba atomu zilizohama huendelea kusogea, kasoro huungana na kuachana, na kihisi ulichokipima leo si kile utakachokipima wiki ijayo. Kwa hiyo maabara zimekubaliana: kila kihisi hupashwa nyuzijoto 60 kwa dakika 80, kisha huingia kwenye friji ya baridi kali na kubaki humo. Dakika 80 hizo ni makubaliano tu, lakini bila hayo namba za Ljubljana, Geneva na Santa Cruz zisingeweza kukaa kwenye grafu moja. Tangu wakati huo, kwa kila kihisi naandika kilitoka frijini saa ngapi, kilikaa mezani muda gani, chumba kilikuwa na joto gani. Mwanafunzi akiniletea matokeo mazuri yasiyo na kumbukumbu hiyo namrudisha, na wengine hununa. Sibadiliki kwa hilo.

Maabara kipimo chetu cha kila siku kilikuwa hivi. Vihisi hupangwa kwenye mstari mmoja ndani ya kabati la baridi, nyuzi 30 chini ya sifuri, huku nitrojeni ikipulizwa taratibu ili unyevu usigande juu ya silikoni. Baridi hiyo ni ya lazima. Silikoni iliyoharibika huvuja mkondo hata bila chembe kupita. Mkondo hupasha moto, na moto huongeza mkondo. Joto likishuka nyuzi 7 hivi uvujaji hupungua kwa nusu. Juu ya vihisi huwekwa chanzo kidogo cha strontiamu 90, kinachotoa elektroni. Elektroni ikipenya vyote, osiloskopu hunasa ishara za vyote, nasi tunalinganisha muda.

Kwa nini zaidi ya kimoja? Kwa sababu tofauti ya muda kati ya vihisi viwili hubeba makosa ya vyote viwili. Vikiwa sawa, kila kimoja na pikosekunde 40, tofauti yao itaonyesha 57, na huwezi kujua nani kachangia nini. Ukiwa navyo vitatu, unapata tofauti tatu, na hesabu inafunguka: kila kimoja kinajulikana kwa ushahidi wa wenzake. Nilipenda sana jambo hilo na bado nalipenda. Kabla ya hapo nilidhani kipimo ni uhusiano wa kifaa na kinachopimwa. Pale nikaona kinahitaji shahidi wa tatu.

Vihisi vyetu vilifanya vizuri. Tulipandisha volteji hatua kwa hatua, tukafika 700, chaji ikatosha, muda ukawa chini ya pikosekunde 50. Vilikaa kwenye volteji hiyo mchana na usiku bila kutetereka. Tulikuwa na kila sababu ya kwenda kwenye mwale wa chembe tukiwa na matumaini.

Mwale ulikuwa Hamburg, kwenye maabara ya DESY, ambayo huwapa watafiti elektroni za nishati hadi GeV 6, zaidi ya mara elfu mbili ya zile za strontiamu. Ukumbini kuna vitalu vya zege, kebo kila upande, na sanduku letu la baridi likiwa limebanwa katikati ya darubini ya chembe, yaani sahani za silikoni zinazoonyesha kila elektroni imepita wapi. Zamu yangu ilikuwa ya usiku. Kwenye skrini mkondo wa kila kihisi huchorwa kwa mstari, na kazi kubwa ya mtu wa zamu ni kuutazama huo mstari. Wa kihisi kimoja ulikuwa umelala kwa muda mrefu, mara ukaruka wima hadi kwenye kikomo cha chanzo cha umeme, na haukushuka tena. Nilizima, nikasubiri, nikawasha kwa volti chache: ukaruka tena. Kabla ya mapambazuko kingine nacho kilikwenda vivyo hivyo.

Asubuhi chumba cha udhibiti kilijaa dhana. Mmoja alisema unyevu, mwingine vumbi, mwingine chanzo cha umeme, na mwingine akashuku kebo zilizopinda. Dhana zote zilikuwa za busara, na zote zilikuwa na sura moja: kwamba kihisi ni kizima na kitu cha nje ndicho kimekiumiza. Mwenzangu mmoja, fundi mwenye miaka mingi kwenye kazi hii, hakusema neno. Alivitoa vile viwili, akavipeleka kwenye darubini, akatuita. Ndipo nilipoziona nyota kwa mara ya kwanza. Kila kimoja kilikuwa nayo moja, mahali tofauti, mbali na kingo ambako umeme hupenda kuruka. Unyevu na vumbi havichagui katikati ya kihisi.

Kilichonisumbua ni ndugu zao waliokuwa wamebaki maabara. Sahani ileile ya silikoni, kinu kilekile, dakika 80 zilezile, volti 700 zilezile, na wao walikuwa hai.

Wiki hiyo nilimpigia simu baba mdogo, ambaye ni msimamizi wa ujenzi Dodoma. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Sauti yako imechoka, mwanangu." Nikamsimulia kadiri nilivyoweza. Hakuuliza silikoni ni nini. Aliuliza hivi: "Hicho kipimo chenu cha maabara, kinakisukuma hicho kitu vile kitakavyosukumwa huko kitakakokaa?" Akaniambia kwamba kwake kila wanapomwaga zege hujaza vilevile michemraba ya pembeni, na siku ya 28 huipeleka maabara ikabanwe na mashine mpaka ipasuke. "Tunaibana kwa sababu nguzo itabanwa. Hatuigongi nyundo halafu tukasema jengo ni imara."

Jibu la swali lake lilikuwa hapana, na hesabu yake inatosha kwenye nusu ya ukurasa. Chembe ya kawaida ikipenya mikroni 50 za silikoni huacha nishati ya keV 10 na kidogo. Lakini mara chache sana chembe yenye nishati kubwa hugonga kiini cha atomu, ikakivunja, na vipande vyake vikaacha makumi ya MeV mahali pamoja, zaidi ya mara elfu ya kawaida. Elektroni za strontiamu na za kizazi chake, yitriamu, hazizidi MeV 2.3 hata zikiacha kila kitu zilicho nacho. Haziwezi kutoa pigo hilo hata ungezielekeza kwenye kihisi kwa miaka mia. Kipimo chetu cha maabara kilikuwa sahihi kwa kila kilichopima, na pigo linaloua halikuwemo ndani yake.

Hatukuwa peke yetu. Vikundi vya ATLAS, vya CMS na vya ushirikiano wa RD50 vilikuwa vikikusanya vifo vyao, Hamburg, Geneva na Fermilab karibu na Chicago, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 picha ilikamilika. Huko Fermilab njia ya protoni ya mwisho kabla ya kihisi kufa ilielekea palepale penye kishimo. Chembe moja, nukta moja. Katika Jamhuri ya Cheki, kwenye kituo cha leza cha ELI, watafiti walimwaga nishati nyingi mahali padogo kwa mapigo mafupi mno ya leza, na vihisi vikavunjika bila chembe yoyote. Kinachotokea ni hiki: chaji inayozalishwa ghafla ni nyingi kiasi kwamba uga wa umeme wa mahali hapo huporomoka, njia ya mkondo hufunguka, na umeme wote uliohifadhiwa kwenye kihisi na kwenye kondensa za saketi hukimbilia hapo. Silikoni huyeyuka.

Kipande kilichonivutia kuliko vyote ni cha unene. Vihisi vyembamba vilikufa kwa volti chache, vinene kwa volti nyingi. Ukigawanya volti kwa unene, vifo vyote vinasogea mahali pamoja: kati ya volti 11 na 12 kwa kila mikroni. Yaani tulipokuwa tukibishana ni volti ngapi kihisi kinaweza kubeba, tulikuwa tunapima kwa kipimo kisichohusika. Na jambo hili halivipati vihisi vipya, kwa sababu kipya hakifiki volteji hizo: ukuzaji wake wa chaji humlazimisha mpimaji asimame mapema. Mtego umetegwa kwa ajili ya vilivyozeeka tu. Mtu anayepima vipya akaridhika hawezi kuujua.

Kwa unene wa mikroni 50 mpaka ukawa volti 550. Sheria hiyo ilikuwa rahisi kuitamka na ngumu kuikubali, maana kihisi kinachohitaji 700 ili kitoe chaji ya kutosha, ghafla hakina nafasi. Lakini naamini hapo ndipo kazi yetu ilipoanza kwenda vizuri, kwa kuwa sasa swali lilikuwa na sura. Halikuwa tena jinsi ya kukifanya kihisi kivumilie volteji zaidi. Lilikuwa jinsi ya kukifanya kihitaji kidogo.

Dawa ilikuwa kaboni. Kituo cha FBK kule Trento, Italia, kilikuwa tayari kimejaribu kupandikiza kaboni ndani ya tabaka la boroni, na taasisi ya IHEP ya Beijing pamoja na wengine walifuata njia hiyo. Atomu ya silikoni inayotangatanga ikikutana na kaboni kwanza, hunaswa na kaboni, na boroni hubaki mahali pake. Kiasi kinahitaji uangalifu, kwa kuwa kaboni nyingi huongeza uvujaji wa mkondo. Kikipatikana kiasi kinachofaa, kihisi kilichopigwa mionzi yote ile hutoa chaji ya femtokulombu 4 ambazo chipu ya kusoma inazihitaji, kikiwa chini ya volti 550.

Tulirudi Hamburg na vihisi vya kaboni. Kwenye daftari la zamu kila ukurasa una volteji, mkondo, joto na idadi ya elektroni zilizopita, na kwa vihisi hivyo kurasa zinafanana kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa makusudi kabisa tulivichukua vichache na kuvipandisha kupita mpaka, ili tuone kama na vyenyewe vitakufa mahali tulipotabiri. Vilikufa. Nilikwenda mwenyewe kwenye darubini kutafuta nyota, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa vile vilivyopona, kwa sababu sasa tulikuwa na vifo tulivyovitabiri.

Ndiyo sababu nasikitishwa na ripoti zinazoorodhesha vihisi vilivyofaulu na kuvimaliza vilivyokufa kwa sentensi moja ya pembeni. Kihisi kilichokufa kina tarehe, volteji, unene, mionzi kiliyopokea na mahali palipoungua. Kukusanya hayo kutoka maabara tofauti ndiko kulikotupa ile namba ya volti kwa mikroni, na kama kila kundi lingeficha vifo vyake kwa aibu, tungekuwa tunazozana juu ya unyevu hadi leo.

Hata hivyo hakuna anayesema vihisi vya kaboni havitachoka. Mpango wa ATLAS umekubali hilo tangu kwenye michoro: vihisi vya duara la ndani kabisa, karibu na mwale, vitatolewa na kuwekwa vipya zaidi ya mara moja katika maisha ya mashine, vya duara la kati vitabadilishwa mara moja, katikati ya safari, vya nje vitakaa hadi mwisho. Kile kiwango cha nyutroni trilioni 2,500 kimehesabiwa pamoja na mabadiliko hayo. Kwa hiyo vipuri vitahitajika katika miaka ya 2030, vitatoka kwenye sahani mpya za silikoni, na kila sahani mpya ina kaboni yake na boroni yake. Vitapelekwa kinuni upya, vitapashwa dakika 80 upya, na vichache kati yao vitapandishwa kupita volti 550 kwenye mwale mpaka viungue. Watakaofanya kazi hiyo sasa hivi wako sekondari, na ningependa baadhi yao wawe wanasoma Bujumbura, Nairobi na Dodoma.